Somo la Historia: Mashine Inayoumwa Haifutwi Kwanza

Fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma historia ya kompyuta katika nchi yetu, na katika historia hiyo tutatafuta jibu la swali moja: kompyuta ya rafiki ikiharibika, je, ni lazima kufuta kila kitu kilichomo?

Kutoka Njombe mjini hadi Makambako ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu ya kwenda Zambia hukutana na barabara ya Njombe na Songea, na hapo husimama treni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Katika njia panda hupita kila kitu: viazi, mbao, chai, na siku hizi kompyuta zilizokwisha tumika kwingine.

Basi chukulieni mfano. Wewe unakaa Njombe, na rafiki yako wa Makambako ana kompyuta nyumbani. Ndani yake mna hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, mna barua zake, na mna picha ya marehemu mama yake. Siku moja kompyuta inakataa kuwaka sawasawa. Akiipeleka kwa fundi, huenda akajibiwa: "Hii ni ya kupiga Windows tu." Maana ya maneno hayo, mara nyingi, ni kufuta yote yaliyomo na kuweka mfumo mpya. Mashine itapona. Lakini picha ya mama haitarudi, na wanakikundi watauliza: fedha zetu ziliandikwa wapi?

Desturi hiyo ya kufuta ilitoka wapi? Hapo ndipo historia inapotusaidia.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1968 ikaja nyingine kubwa zaidi. Ilikusudiwa kufanya hesabu za Serikali upesi. Lakini kazi haikwenda vizuri. Wataalamu wengi walikuwa wageni, wananchi waliofundishwa walikuwa wachache, na hesabu zikaharibika. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni.

Hatuwalaumu wazee wetu. Wakati ule fedha za kigeni zilikuwa haba, na ukame ulikuwa umeleta njaa. Lakini tazameni jambo hili. Ugonjwa haukuwa katika chuma peke yake. Ulikuwa katika mipango na katika upungufu wa watu wenye ujuzi. Mlango ulipofungwa, ujuzi nao ulichelewa. Katika miaka ya 1980 kompyuta chache ziliingia kwa vibali, na katika miaka ya 1990 mlango ukafunguliwa. Mashine zikaja nyingi kwa ghafula, kabla mafundi hawajafundishwa vya kutosha. Kwa maoni yetu hiyo ni sababu mojawapo ya wengi kujifunza njia fupi: futa, weka upya, mteja mwingine aje.

Virusi navyo vina historia yake. Virusi vya kompyuta ni programu mbaya inayojinakili yenyewe. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, walitunga programu iliyoitwa Brain, nayo ikasafiri katika diski laini hadi nchi za mbali. Tangu mwaka 2000 zikauzwa flashi, na virusi vikapata gari jipya. Aina moja ya virusi vya flashi huyaficha mafaili ya mwenyewe na kuweka alama za uongo mahali pake. Mtu akiona hivyo hulia, "Vyote vimepotea!" Kumbe havikupotea, vimefichwa. Asiyejua hufuta flashi nzima, na hapo yeye mwenyewe ndiye anayemaliza kazi ya virusi.

Mwaka huohuo wa 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo unaowaka kutoka katika diski ya nje bila kuhitaji mfumo ulio ndani ya kompyuta. Kwa njia hiyo mtu aliweza kuingia katika kompyuta iliyolemaa na kutoa mali ya mwenyewe salama. Ni kama nyumba ambayo kufuli la mlango wa mbele limeharibika: waingia kwa mlango wa nyuma, watoa vyombo, ndipo wamwita seremala.

Sasa andikeni hatua nne.

Kwanza, muulize mwenyewe. Ilianza lini? Umeme ulikatika? Alichomeka flashi ya nani? Soma maandishi yanayotokea kwenye kioo. Hayo si laana, ni ujumbe.

Pili, okoa mali kabla ya kutibu. Washa kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine, kama vile Linux, na nakili barua, hesabu na picha katika diski ya nje. Lakini diski ikitoa mlio wa kugonga-gonga, zima mara moja. Huo ni ugonjwa wa chuma, na kila dakika ya kuiwasha huzidisha hasara. Tena, faili likifutwa kwa bahati mbaya, usiandike kitu kingine juu yake. Mara nyingi katika diski ya zamani ya kuzunguka kinachoondolewa ni jina tu katika orodha, kama ukurasa wa yaliyomo uliochanwa, na kitabu chenyewe bado kipo.

Tatu, tafuta chanzo. Je, diski imejaa? Vumbi limeziba feni? Kuna virusi? Washa katika hali salama, ondoa programu ngeni, safisha virusi, au rudisha mfumo ulivyokuwa siku za nyuma. Kurudisha huko hakugusi barua wala picha.

Nne, yote yakishindikana, ndipo uweke mfumo mpya, nawe umekwisha kuhakikisha kwamba nakala zinafunguka.

Wasikilizaji, kusoma ndiyo dawa ya kwanza. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Walitaka Mswahili asome mashine yake kwa lugha yake. Anayesoma hatishwi na kioo, wala haambiwi "futa" akaitikia tu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini kompyuta zilipigwa marufuku mwaka 1974? Mlango huo ungeachwa wazi, tungehitaji kufanya nini kwanza?
2. Mali iliyofichwa na mali iliyofutwa zina tofauti gani?
3. Hesabu za kikundi chenu zimeandikwa mahali pangapi? Kama ni pamoja tu, mtafanya nini kabla ya somo lijalo?