Shule ya Watoto Wadogo: Imetoka Wapi, na Watoto Wanajifunza Nini Ndani Yake

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha yubile, wenzetu wameandika juu ya mapadri waliotutangulia, juu ya kengele na mnara, na juu ya wakristu wa kwanza wa mtaa huu. Sisi tumeombwa kuandika juu ya kalasi iliyo ndogo kuliko zote, ile iliyo nyuma ya nyumba ya mikutano, ambamo watoto wa miaka mitatu hata mitano wanakutana kila asubuhi. Watu wanaiita gardieni. Tumekubali kwa furaha, kwani hakuna mwaka tusioulizwa na wazazi neno lile lile: «Mwalimu, mtoto wangu anarudi nyumbani na udongo mikononi. Anafundishwa nini pale?» Mzazi anayelipa franka zake ana haki ya kuuliza hivyo. Tena wako waliomwondoa mtoto kalasini kwa sababu sisi hatukujua kuwajibu vema.

Jina lenyewe linatupotosha kidogo. Wabelgiji kwao waliziita shule hizi «école gardienne», maana yake shule ya kulinda watoto. Jina hilo likaja nao huku Kongo, likabaki vinywani mwetu hata baada ya sheria kuandika materneli. Ndiyo maana wengi wanafikiri kazi ya pale ni kulinda tu, watoto wasitumbukie kisimani.

Lakini aliyeanzisha kazi hii alitafuta jambo jingine. Ni Mjerumani, Friedrich Fröbel, aliyezaliwa mwaka 1782. Mama yake alikufa yeye akiwa hajatimiza mwaka mmoja. Mwaka 1837 alifungua nyumba ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Aliwapa mipira ya sufu na vipande vya mti vilivyochongwa, ili mkono ukishika, akili nayo ishike. Serikali ya Prussia ilishuku kazi hiyo, ikaikataza mwaka 1851; Fröbel akafa mwaka uliofuata, na katazo halikuondolewa hata mwaka 1860. Basi ndugu zetu wanaoshuku udongo wasione haya: wakubwa walishuku mbele yao!

Baadaye, siku ya Epifania, tarehe 6 Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini huko Roma. Wazazi walikwenda kazini, na watoto walibaki peke yao wakiharibu kuta za nyumba. Alitengeneza viti na meza za kimo chao, na herufi za msasa ambazo mtoto anazipapasa kwa kidole kabla ya kuziandika.

Na kwetu? Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala mwaka 1885, wakaanza kufundisha, wengi wa wanafunzi wakiwa watoto waliokombolewa utumwani. Matunda yake tunayajua: Padri Stefano Kaoze alipewa upadri huko Baudouinville mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Lakini juu ya mtoto wa miaka minne imeandikwa kidogo sana, kwa kuwa yeye alikuwa na shule yake: nyanya yake. Kwa vitendawili vya jioni alijifunza kufikiri. Kwa kutazama wakubwa wakicheza kisolo alijifunza kuhesabu.

Mji ndio uliomtenga mtoto na nyanya. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, mji ukiitwa bado Albertville. Watu wakaja kwa kazi ya bandari, kwa makaa ya Greinerville, na baada ya vita ya 1940-1945 kwa kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ambacho siku hizi kimenyamaza. Nyanya alibaki kijijini. Ndipo ilipohitajika nyumba ya kushika sehemu ya kazi yake.

Hapa inafaa tuungame. Sisi tulisoma seminari ndogo, tukakariri Kilatini hata usingizini, tukaamini kwamba kujifunza ni kukariri. Mwaka wetu wa kwanza katika kalasi ile tuliwafanya watoto warudie sala mchana kutwa. Siku moja mtoto wa miaka mitano alisema Baba Yetu yote bila kosa, kisha akauliza: «Mwalimu, sisi nyumbani tunakula bukari. Mkate ule ni wa nani?» Tulikosa neno. Alikuwa amefikiri, nasi hatukuwa tumemfundisha kufikiri.

Tangu siku ile tunatazama kwa macho mengine. Mtoto anaweza kuimba moja hata ishirini, lakini ukimpa mawe saba ya pwani anahesabu tisa, kwa sababu kidole kinakwenda polepole na ulimi unakimbia. Ndiyo sababu anapanga vifuniko vya chupa, kimoja kimoja, hata kidole na neno vikutane. Anayefinyanga mikebuka ya udongo anatia nguvu vidole vitakavyoshika kalamu. Anayepiga makofi kwa kila silabi ya jina lake anasikia vipande vya neno, na bila hivyo kusoma ni taabu. Hata kungoja zamu ya kunywa maji ni somo, na si rahisi.

Wengine wanataka Kifaransa tangu siku ya kwanza. Nyimbo za Kifaransa zipo. Lakini mtoto asiyeweza kusimulia kwa Kiswahili habari ya jana, atasimulia nini kwa Kifaransa?

Mwaka 2017, vita ya Watwa na Waluba ilipojaza wakimbizi hapa Kalemie, tulipokea mtoto asiyesema neno. Alijenga nyumba za udongo, akazivunja, siku nyingi. Mama mwalimu alikaa karibu bila kumkataza. Siku alipoacha nyumba moja isimame, aliomba maji.

Sheria ya mwaka 1986 ilihesabu materneli kati ya ngazi za masomo ya inchi, na ile ya 2014 vilevile. Lakini masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 yalihusu shule ya msingi, si gardieni. Kwa hiyo mzigo umebaki mabegani mwa wazazi na parokia, nasi hatutauficha.

Katika juma la yubile mlango wa kalasi utakuwa wazi tangu saa mbili asubuhi. Mapadri na masista wageni wanakaribishwa, na wazazi zaidi, hata wale waliowaondoa watoto wao. Viti ni vifupi, mtatuwia radhi. Mwenye vifuniko vya chupa nyumbani avilete.