Betri ya Moyo Iliyotoka Solna

Kila pigo la moyo huanzishwa na mkondo mdogo wa umeme unaozaliwa katika fundo la sainasi, yaani kijisehemu cha misuli maalumu kilichopo kwenye chumba cha juu cha upande wa kulia, na mkondo huo hupitia fundo jingine lililo katikati ya moyo kabla ya kufika vyumba vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu mwilini. Njia hiyo ikikatika kabisa, hali inayoitwa kizuizi kamili cha umeme wa moyo, vyumba vya chini hubaki vikipiga polepole kwa mwendo wao wenyewe, na pengine husimama kwa sekunde kadhaa, mgonjwa akazimia.

Utambuzi wa maradhi haya ulitangulia mno tiba yake. Robert Adams mwaka 1827, kisha William Stokes mwaka 1846, madaktari wa Dublin, walieleza uhusiano wa kuzimia na mapigo ya polepole, na mwanzoni mwa karne ya 20 Willem Einthoven wa Uholanzi aliunda kipimo cha kuchora umeme wa moyo, kilichoonyesha dhahiri vyumba vya juu na vya chini vikipiga bila kufuatana. Hata hivyo, daktari aliyekwisha kuusoma mchoro huo hakuwa na la maana la kumpa mgonjwa.

Hali hiyo ilianza kubadilika kwa upasuaji uliofanyika Solna, nchini Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958. Arne Larsson, mhandisi wa miaka 43 ambaye moyo wake uliharibiwa na maambukizi, alikuwa akizimia mara 20 hadi 30 kwa siku. Mashine za kuuchochea moyo kutoka nje zilikuwapo, lakini zilimfunga mgonjwa kitandani, na nyaya zilizopenya ngozi zilipitisha vijidudu. Mkewe, Else-Marie, ndiye aliyewasihi daktari wa upasuaji Åke Senning wa Hospitali ya Karolinska na mhandisi Rune Elmqvist wa kampuni ya Elema-Schönander watengeneze kifaa cha kuzikwa mwilini, nao walipojibu kwamba hakipo, hakukubali kuondoka na jibu hilo. Bila ukaidi wake, ambao historia za tiba huupitia haraka mno, huenda upasuaji ule usingefanyika.

Elmqvist aliunganisha transista mbili na betri ya kuchajiwa kupitia ngozi, akavimiminia gundi ya epoksi, kopo la kiwi ya viatu likiwa kalibu yake. Kifaa cha kwanza kilidumu saa chache tu, kikabadilishwa. Larsson alitumia vifaa 26 maishani mwake, akafariki mwaka 2001 kwa saratani, akiwa na miaka 86, baada ya Elmqvist na Senning wote kutangulia.

Leo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huweka betri za moyo, yaani vifaa vya aina hiyo vya kuuchochea moyo, kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa, bila kupasua kifua. Kabla ya hapo daktari huchunguza kama mapigo yamepunguzwa na dawa au na kuzidi kwa madini ya potasiamu, kwa kuwa hitilafu ya aina hiyo huweza kuondoka bila betri.