Tarehe ya Wakongwe wa Arda

Arda ni dunia aliyoitunga J.R.R. Tolkien, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892 na kufariki Uingereza mwaka 1973. Wengi wameifahamu dunia hiyo kupitia The Hobbit, kilichotoka mwaka 1937, au The Lord of the Rings, kilichotoka kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955. Lakini nasaba za wakazi wake zimo hasa katika The Silmarillion, kitabu alichokishughulikia karibu maisha yake yote bila kukikamilisha, hadi mwanawe Christopher alipokihariri na kukichapisha mwaka 1977. Wasomaji wakibishana nani mkongwe kuliko wote, huko ndiko wanakokwenda kutafuta ushahidi. Nao hurudi na majina mengi, kwa kuwa cheo cha mkongwe kimepewa zaidi ya mmoja, na yupo aliyejitwalia mwenyewe. Hapa tutawapanga kwa zamu zao.

Mwanzo alikuwapo Eru peke yake, ambaye katika Arda anaitwa Ilúvatar. Huyo haingii katika ubishi, maana hakuzaliwa wala hakuumbwa. Wa kwanza kuumbwa walikuwa Ainur, roho waliotokana na fikra zake, kila mmoja akiijua ile sehemu ya fikra aliyotoka yeye tu. Eru akawafunza kuimba, kwanza mmoja mmoja, baadaye wote pamoja. Melkor, aliyejaliwa uwezo na maarifa kuliko wenzake, akaanza kupenyeza sauti yake mwenyewe kinyume cha wimbo. Waliokuwa karibu naye wakakatika moyo, wengine wakamfuata. Mara tatu Eru alinyanyuka, na mara ya tatu wimbo ukakoma. Ndipo akawaonyesha walichokuwa wakikiimba: ulimwengu mzima, na historia yake. Kisha akatamka neno, na ulimwengu ukawa.

Habari hii ya wimbo Tolkien aliiandika kati ya 1918 na 1920, baada ya kunusurika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati akifanya kazi katika kamusi kuu ya Kiingereza kule Oxford. Aliirudia baadaye kwa maandishi mapya, lakini utaratibu wake ulibaki uleule: Eru, kisha Ainur, kisha ulimwengu.

Baadhi ya Ainur wakashuka kuishi ndani ya kile walichokiimba, kwa sharti kwamba watakuwa humo mpaka mwisho wa dunia. Wakubwa wao waliitwa Valar, wanaume saba na wanawake saba. Manwë akawa mfalme wao, ndugu yake Melkor katika fikra za Eru. Melkor naye alishuka, lakini jina lake likafutwa katika hesabu ya Valar. Wadogo wao waliitwa Maiar, na humo ndimo walimotoka Sauron, Saruman, akina Balrog na Gandalf. Basi yule mzee wa fimbo na kofia anayebisha hodi kwa Bilbo Baggins mwanzoni mwa The Hobbit ni roho aliyekuwako kabla ya ardhi aliyosimama juu yake. Kwa umri wa roho, hakuna aliyewatangulia hawa.

Makao ya kwanza ya Valar yalikuwa kisiwa cha Almaren, kati ya taa mbili kubwa, Illuin ya kaskazini na Ormal ya kusini. Melkor alipoziangusha taa hizo, Valar walihamia Valinor upande wa magharibi, na Yavanna, mmoja wao, akaotesha Miti Miwili ya nuru. Jua halikuwapo bado, kwa hiyo miaka ilihesabiwa kwa Miti. Katika hesabu mojawapo ya Tolkien, mwaka mmoja wa Valar ni sawa na miaka 9.582 ya jua. Ndiyo maana umri wa wakongwe hawa hautajiki kwa tarakimu zetu bila kupiga hesabu kwanza.

Wakati huo watoto wa Eru, watu aliowakusudia kuikaa dunia, walikuwa hawajaamka. Aulë, fundi wa Valar, hakuweza kuwasubiri. Akaingia ndani ya mlima, akafinyanga kwa siri mababu saba wa Vibeti, wafupi na wagumu, akaanza kuwafundisha lugha aliyowatungia. Sauti ya Eru ikamfikia, ikamuuliza kwa nini ametenda jambo lisilo la uwezo wake. Aulë akaomba radhi, akalia, akanyanyua nyundo awavunje. Vibeti wakajikunja kwa hofu, wakainamisha vichwa, wakaomba huruma. Hapo Eru akamzuia, maana kule kuogopa kulionyesha kwamba wamekwisha kupewa uhai wao wenyewe. Akawapokea kama watoto wa kulea, lakini hakukubali wawatangulie wale aliowakusudia kuwa wa kwanza. Akawalaza usingizi chini ya mawe mpaka zamu yao ifike. Kutangulia si kufika: Vibeti walitengenezwa kwanza, lakini ukubwa ulibaki kwa wengine. Huo ndio ufunguo wa nasaba zote za Arda. Ukubwa ni wa kupewa.

Yavanna aliposikia habari hiyo aliiogopea miti yake, kwani wanafunzi wa mumewe Aulë wangeihitaji kwa moto na kwa kazi zao. Akamlilia Manwë, na jawabu la Eru likaja kwamba misitu nayo itakuwa na wachungaji wake. Hao ndio Enti, na mkubwa wao ni Fangorn.

Kisha Quendi, ambao kwa Kiingereza huitwa Elves, wakaamka kando ya maji ya Cuiviénen, chini ya nyota ambazo Varda alikuwa amezitengeneza upya kwa ajili yao. Wanadamu waliamka baadaye sana, jua lilipochomoza kwa mara ya kwanza.

Hapa ndipo ushahidi unapoanza kupingana. Katika The Lord of the Rings, Gandalf anawaambia wenzake kuwa Fangorn ndiye kiumbe hai wa kale kuliko wote wanaotembea chini ya jua katika Middle-earth, yaani nchi za Arda zilizo nje ya Valinor. Celeborn, bwana wa Lórien, anapoagana naye anamwita kwa cheo hichohicho. Lakini msikilize Fangorn mwenyewe. Anapokutana na vijana wawili wa Kihobbit msituni, anapitia orodha ya viumbe aliyokariri zamani ili ajue awaweke wapi. Orodha hiyo inawataja kwanza Quendi, na ukubwa inawapa wao. Vibeti wanafuata, halafu Enti, halafu wanadamu. Tena anakiri kuwa Quendi ndio walioiamsha miti na kuifundisha kusema. Mzee anayesifiwa na wengine kwa ukongwe anawaachia wengine nafasi ya kwanza.

Yupo pia Tom Bombadil. Frodo, Mhobbit aliyebeba Pete Moja ya Sauron, anapomuuliza yeye ni nani, anajibu kuwa ni mkongwe: alikuwapo kabla ya mto na miti, analikumbuka tone la kwanza la mvua na tunda la kwanza la mwaloni, na alilijua giza lilipokuwa halitishi, kabla Bwana wa Giza hajaja kutoka nje. Katika baraza la Rivendell, Elrond, bwana wa mahali hapo, anasema Quendi walimwita Iarwain Ben-adar, mkongwe asiye na baba. Bombadil alipewa Pete hiyo mkononi. Aliivaa na hakutoweka. Aliirusha juu ikatoweka yenyewe, kisha akamrudishia Frodo huku akitabasamu. Hakuitaka.

Bombadil hakutoka katika nasaba ya Valar. Alikuwa mwanasesere wa mtoto mmoja wa Tolkien, kisha akaingia katika shairi lililochapishwa kwenye Oxford Magazine mwaka 1934, miaka 20 kabla ya juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings. Mwaka 1954 Tolkien alimwandikia mwandishi Naomi Mitchison kwamba amemwacha Bombadil awe fumbo kwa makusudi. Anayemwingiza kwa nguvu katika kundi la Maiar anafumbua fumbo ambalo mwenyewe mtungaji alilifunga.

Wasio na nasaba hawaishii hapo. Ungoliant, yule buibui aliyeifyonza Miti Miwili hadi ikafa, hata Quendi hawakujua alikotoka. Na chini kabisa ya Moria, Gandalf aliviona viumbe visivyo na jina vinavyoitafuna dunia, ambavyo anasema ni vya kale kuliko Sauron. Jinsi gani kitu kikawa cha kale kuliko Maiar, hakuna panapoelezwa.

Amebaki yule aliyejipa cheo. Katika The Children of Húrin, kilichotoka mwaka 2007, Húrin mwanadamu ni mfungwa mbele ya Melkor. Melkor anamwambia kuwa yeye ndiye Mfalme Mkongwe, wa kwanza wa Valar, aliyekuwako kabla ya dunia na ndiye aliyeiumba. Húrin, ambaye kabila lake ndilo la mwisho kuamka, anamjibu kuwa ni kweli alikuwako kabla ya Arda, lakini na wengine walikuwako, na dunia hakuiumba yeye. Yote mawili ni kweli. Tena umri haukumkinga: Fingolfin, mfalme wa Quendi, alimtia majeraha saba na kumkata mguu kabla ya kufa. Saruman naye, roho wa kabla ya dunia, alikufa kwa kisu cha mtumishi wake mlangoni mwa nyumba ya Kihobbit. Na Glorfindel, mmoja wa Quendi, alisema wazi kuwa Sauron akishinda wote, Bombadil naye ataanguka, wa mwisho kama alivyokuwa wa kwanza.

Basi hukumu ni hii. Kwa kuumbwa, wakongwe ni Ainur, na Melkor ni mmoja tu kati yao. Kwa kukaa ndani ya Arda, ushahidi wa Bombadil haujapata wa kuupinga. Kwa watu waliopewa dunia kuwa kwao, ukubwa ni wa Quendi, na shahidi wao ni Fangorn. Anayetaka kubisha na aanze na sura za mwanzo za The Silmarillion kabla ya kuitazama filamu yoyote, maana Bombadil hamo kabisa katika zile tatu za The Lord of the Rings za Peter Jackson.