Bukura na Ngazi ya Vyeti

Bukura ni soko dogo kusini-magharibi mwa mji wa Kakamega. Msafiri wa haraka ataona maduka machache, bodaboda zikisubiri abiria, na mashamba ya chuo cha kilimo yaliyopangika vizuri. Wakenya wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya chuo. Wachache wanakumbuka kwamba hapa, tangu miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiamua Mwafrika asome nini na elimu yake iishie wapi.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki. Ilikuja na mfano wa Hampton na Tuskegee, shule zilizowafunza watu weusi wa kusini mwa Marekani ukulima na ufundi. Ikapendekeza elimu ya Mwafrika ifungamane na shamba, kijiji na kazi za mikono. Mwaka uliofuata Jeanes School ikafunguliwa Kabete. Shule ya kilimo ya Bukura ilikua katika hewa hiyohiyo. Vijana wa kiume walifundishwa kupanda kwa zamu, kutumia samadi na kuzuia udongo usichukuliwe na maji, kisha wakatumwa vijijini kuwa wakufunzi wa kilimo chini ya afisa Mzungu.

Sidharau elimu hiyo. Anayejua kulinda udongo amejua jambo kubwa. Kosa lilikuwa dari. Mkufunzi kutoka Bukura angeweza kufanya kazi miaka thelathini bila kupanda cheo hata kimoja cha kumweka sawa na afisa aliyemwamuru, kwa kuwa cheo hicho kilidai shahada, na njia ya kwenda kwenye shahada haikupita Bukura.

Ilipita wapi? Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton alianzisha shule ya kilimo Njoro kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mwaka 1950 ikawa chuo cha kutoa stashahada. Udongo ni uleule, mahindi ni yaleyale, lakini karatasi ni tofauti, kwa sababu ngozi ni tofauti. Waasia nao walikuwa na shule zao, na wenye uwezo walipeleka watoto India au Uingereza. Baadaye walichanga fedha za chuo cha kumbukumbu ya Gandhi, kilichounganishwa na Royal Technical College ya Nairobi, mzizi wa Chuo Kikuu cha Nairobi cha leo. Mwafrika mwenye bahati alikwenda Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wavulana 14, nayo haikuwa na masomo ya shahada za London hadi mwaka 1949.

Na msichana?

Hapo ndipo ngazi ilipokosa vidato kabisa. Si mbali na Bukura, Jane Chadwick wa misheni ya Kianglikana alianza kuwafundisha wasichana Butere mwaka 1916, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba wasichana wa Buluhya hawakutaka kusoma. Lakini shule ya sekondari ya Alliance ilifunguliwa kwa wavulana mwaka 1926, na ya wasichana ikasubiri hadi 1948. Makerere iliwapokea wanawake wa kwanza, sita tu, mwaka 1945. Miaka hiyo ya kusubiri haikupotea hewani. Kila mwaka mmoja ulikuwa kundi zima la mabinti waliokua bila cheti, kisha wakazaa mabinti ambao nyumbani hawakuwa na mama wa kuwaonyesha njia.

Katika kilimo jambo hili linauma zaidi, maana jembe la Kakamega limekuwa mikononi mwa wanawake tangu zamani, hasa waume walipokwenda kutafuta mishahara mijini na kwenye mashamba ya walowezi. Katikati ya miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Kathleen Staudt, alichunguza mashamba ya Kakamega. Aligundua kwamba mashamba yaliyoendeshwa na wanawake peke yao yalitembelewa na maafisa wa kilimo mara chache kuliko yale yaliyokuwa na mwanamume. Kwenye mafunzo pengo lilipanuka, na kwenye mikopo likapanuka zaidi. Afisa alimtafuta baba mwenye nyumba, ilhali aliyejua kunde zimepandwa wapi alikuwa mama.

Pengo la rangi, kwa upande wake, lilianza kuzibika upesi uhuru ulipokaribia. Safari za ndege alizopanga Tom Mboya na wenzake kuanzia mwaka 1959 zilipeleka mamia ya vijana Marekani. Mwaka 1960 Wangari Maathai naye alikwenda huko kusoma, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo.

Pengo la makabila na maeneo lilibaki. Misheni zilipokita mizizi, shule zilisimama. Zilikokosekana, watoto walikosa. Magharibi tulipata Maseno, Kaimosi na Butere mapema, huku Garissa ikingoja hadi mwaka 2017 kupata chuo kikuu kamili. Na hata sisi tuliotangulia tulikosa kilele: Masinde Muliro, kijana wa Matili, Bungoma, alipata shahada yake Cape Town, katika nchi ya ubaguzi wa rangi. Chuo kikuu cha Kakamega chenye jina lake kilipata hadhi kamili mwaka 2007 tu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, lakini ukaguzi wa Tume ya Uwiano na Utangamano umekuta vyuo vingi vikiajiri hasa watu wa maeneo vilipo.

Bukura ilipewa sheria yake ya Bunge mwaka 1999. Inaendelea kutoa stashahada, na wavulana na wasichana husoma pamoja. Binti anayemaliza hapo na kutaka shahada ya kilimo anaweza kutuma maombi Egerton, Njoro, iliyofanywa chuo kikuu mwaka 1987. Mwaka 1939, shule hiyo ilipofunguliwa, mama wa nyanya yake asingepokelewa kwa sababu mbili: rangi yake, na kuwa mwanamke.