Ini la Kungumanga

Mtaani kwetu Kilimani, mtu tumbo likimfura na macho yageuke manjano, kesi inaamuliwa kwa neno moja: pombe. Mjomba wangu alizikwa na sifa hiyo, na hakuwahi kuonja hata busaa. Kilichomuua ni moyo.

Karne ya 19, madaktari wa Ulaya walipasua maini ya waliokufa kwa moyo dhaifu, wakakuta mabaka mekundu na ya manjano. Wakaliita ini la kungumanga, ile ile ya Unguja. Chanzo chake ni msongamano. Moyo upande wa kulia ukishindwa kusukuma, damu inarudi nyuma na kujaa kwenye ini, kama Ngong Road saa kumi na moja jioni.

Kwetu hili si geni. Mwaka 1948, J.N.P. Davies wa Mulago, Kampala, aliandika katika East African Medical Journal kuhusu kovu linaloota ndani ya moyo. Likishika upande wa kulia, ini huvimba na tumbo hujaa maji. Hiyo ni karibu miaka themanini, na sisi bado tunanusa chupa.

Halafu zikaja mashine. Mei 6, 1953, huko Philadelphia, ya John Gibbon ilifanya kazi ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18 akipasuliwa, naye akapona. Mwaka 1982 Barney Clark aliwekewa moyo bandia, akaishi siku 112. Pampu za siku hizi husaidia zaidi upande wa kushoto, na nyingi husukuma damu mfululizo, hata mshipa wa mkono unaweza kukosa mapigo. Ini linapokea karibu robo ya damu yote, kwa hivyo wengi waliogopa litaumia. Kumbe kwa wagonjwa wengi linapata nafuu. Shida ni kwamba pampu inarudishia upande wa kulia damu nyingi zaidi. Ukilemewa, ini linafurika tena. Ndiyo maana ini hupimwa kabla ya pampu kuwekwa.

Pampu hizo ni ghali, wachache huku watawahi kuziona. Lakini kuna kipimo cha tangu 1885, kilichoelezwa na William Pasteur wa London: daktari anabonyeza tumbo juu ya ini, anatazama shingo. Mshipa ukivimba na kubaki hivyo, aangalie moyo.