Kutu ya Kupaka

Swali la mwanangu lilinikuta nimeshika sponji ya kuoshea vyombo, nikiipigapiga rangi ya kahawia juu ya kofia yake ya vita. "Baba, mbona unaichafua? Ilikuwa inang'aa."

Huku Uingereza, kila mwezi wa Machi, kuna siku ambayo watoto wa shule za msingi huenda darasani wamevaa kama wahusika wa vitabu. Wangu, mwenye miaka saba, alitaka kuwa mmoja wa wale mashujaa wa Ulaya ya zamani, waliopanda farasi wakiwa wamefunikwa chuma mwili mzima. Kofia tuliipata kwenye duka la mitumba, plastiki tupu, kijivu kama ndoo. Bamba la kifua nililikata kutoka mkeka wa sponji wa mazoezi. Nikalipaka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, mara tatu, ili lisinywe rangi. Kisha rangi nyeusi, kisha ya fedha. Vikang'aa vyote viwili. Tatizo ni kwamba viling'aa kama sufuria mpya.

Waswahili tuna maneno ya vitu hivi, ingawa vyenyewe hatukuvivaa. Wengi tuliyakuta katika Biblia, sura ya sita ya Waraka kwa Waefeso: chapeo ya kichwani, dirii ya kifuani. La kwanza lilitoka kwa Wareno, la pili kwa Waarabu. Lakini kwa kazi niliyokuwa nikiifanya mezani sikuwa na neno, nikaiita kuchakaza.

Kuchakaza kuna kanuni zake. Rangi nyeusi nyepesi hupakwa kote, kisha hufutwa kwa kitambaa kabla haijakauka, ibaki kwenye mifereji na maungio, kama masizi yanavyong'ang'ania penye mpini wa sufuria. Kingo hupewa fedha kwa brashi iliyokaribia kukauka, kwa sababu kingo ndizo zinazogusana na dunia. Kutu huanzia pale maji yanapotuama, chini ya vichwa vya misumari, na michirizi yake hushuka, haipandi. Kila doa lazima liwe na sababu. Doa lisilo na sababu huonekana uchafu tu.

Wenye chuma cha kweli wangenishangaa. Katika Ulaya ya zama za kati, mtoto wa kiume wa ukoo wa kibwana alipofika umri wa miaka saba hivi alipelekwa nyumbani kwa bwana mwingine, akatumike na kujifunza adabu. Akifika kama miaka 14 alipanda cheo, akawa msaidizi wa shujaa, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kutunza silaha na deraya za bwana huyo. Vazi la pete za chuma lilitiwa ndani ya pipa pamoja na mchanga na siki, pipa likabingirishwa mpaka pete zikasuguana na kutakata. Kutu ilikuwa adui wa kila siku. Kijana alipimwa kwa kuiondoa. Mimi, karne kadhaa baadaye, nilikuwa nikimpakia mwanangu kile ambacho wenzake wa enzi hizo walikisugua kwa bidii.

Hata hivyo, doa lilikuwa na heshima yake tangu zamani. Geoffrey Chaucer, aliyeandika The Canterbury Tales mwishoni mwa karne ya 14, anamleta shujaa wake akiwa ametoka safarini moja kwa moja, vazi lake la kitambaa limechafuliwa na deraya aliyoivaa juu yake. Amefuatana na mwanawe, kijana wa miaka kama 20, aliyevaa nguo zilizotariziwa maua mekundu na meupe. Chaucer hahitaji kutuambia nani kati yao ameviona vita vingi. Baba ana doa, mwana ana maua.

Maua nayo yaliwahi kuchorwa juu ya chuma. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kuna deraya iliyotengenezwa Paris mwaka 1712 kwa ajili ya mtoto wa miaka mitano: Luis, mrithi wa kiti cha Uhispania, kitukuu cha Louis XIV wa Ufaransa. Ni chuma cha kweli chenye dhahabu, na juu yake yametawanywa mayungiyungi ya Ufaransa pamoja na ngome na simba wa Uhispania. Mwaka huo vita vilikuwa bado vinapiganwa juu ya nani akikalie kiti cha baba yake, na vita hivyo vilipiganwa kwa bunduki na mizinga. Deraya kamili ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati. Mtoto hakuvalishwa kinga, alivalishwa madai. Luis alitawazwa Januari 1724, akafa kwa ndui tarehe 31 Agosti mwaka huohuo, siku sita baada ya kutimiza miaka 17.

Aliyetufundisha kupenda mikwaruzo zaidi ni sinema. George Lucas alipotengeneza Star Wars, iliyotoka 1977, alitaka dunia yake ya kubuni ionekane imetumika. Kwa filamu iliyofuata, ya 1980, lilitengenezwa vazi la muwindaji wa watu aitwaye Boba Fett. Mwanzoni lilikuwa jeupe lote. Joe Johnston akalipaka rangi, akalitia mibonyeo, michubuko na mabaka. Boba Fett anaonekana kwa dakika chache na karibu haongei. Historia yake yote iko juu ya ganda lake. Hadi leo kuna watu wazima wanaoinakili kofia ile mkwaruzo kwa mkwaruzo. Wakati huo, mavazi ya watoto yaliyouzwa madukani Marekani na kampuni ya Ben Cooper yalikuwa kinyago chembamba cha plastiki chenye mpira wa kufungia, na vazi lenye picha ya mhusika kifuani. Mtoto alipewa sura ya mtu, hakupewa majeraha yake.

Hapo ndipo nilipokwama, maana mwanangu alikuwa ameweka kidole kwenye kovu refu nililolichonga juu ya sikio la kushoto la kofia.

"Hapa nani alinipiga?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeshamtungia adui, na upanga, na upande aliotokea. Kila doa na sababu yake. Lakini nilipomtazama usoni nikaona kwamba lile pigo, mtu mzima mwenye akili zake angelilenga kwenye kichwa cha mtoto huyu. Waliomwagizia Luis dhahabu walimwandikia maisha yake juu ya chuma kabla hajayaishi. Mimi nami nilikuwa nikiandika, kwa sponji.

Nikampa sponji. Akafikiri, akaigeuza kofia, akapaka kutu nyuma tupu, kisogoni. Kutu nyingi mno.

"Hapa nililala kwenye mvua," akasema. "Farasi alikuwa amechoka."

Kisha akaomba lile kovu lizibwe. Tukalijaza gundi, tukasubiri likauke, tukapaka fedha mara mbili. Ukiishika kofia dirishani, mwanga ukiingia kwa upande, bado linaonekana.