Nani Aliamua Hii ni Magugu?

Kila Oktoba simu zetu hujaa picha za jacaranda. Nairobi imegeuka zambarau, kila msee anaposti "huu ndio mji wetu." Sawa, inapendeza, sikatai. Lakini huo mti asili yake ni Amerika Kusini, sawa na bougainvillea iliyotambaa kwenye kuta za mitaa ya wenye pesa. Ukijani wa huu mji ulipangwa na watu, tena kwa sababu zao.

Anza na reli. Ilifika hapa 1899, mahali ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi. Gari la moshi lilikula kuni, na miti ya kienyeji ilionekana kuchelewa kukua. Ndipo 1902 mkaratusi, huu tunaouita blugam, mti wa Australia, ukaletwa kulisha injini. Baadaye akaja Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za jiji, akajaza barabara jacaranda na bougainvillea. Jamaa aliijua kazi yake, hilo nampa. Lakini bustani nzuri ikabaki na sura moja: nyasi fupi, ua la kayaba lililonyolewa (hata hilo jina limetokana na mto Kei wa Afrika Kusini), na maua ya kutoka mbali. Kilichojiotea chenyewe kikaitwa magugu.

Cha kuchekesha, zile nyasi fupi ni zetu kabisa. Ni nyasi za nyanda zetu za juu, na dunia nzima inaziita kwa jina la Wakikuyu. Zilipelekwa Australia na California, na huko sasa kuna watu wanaozing'oa kama magugu. Kwa hivyo hilo neno linategemea tu nani ameshika jembe.

Sasa, ndege na wadudu inawahusu nini? Mtu ataniambia nyuki wanatua kwenye jacaranda. Ni kweli, wanatua. Shida iko kwa kiwavi. Kipepeo akishakomaa anaweza kunywa utamu wa maua mengi, lakini kiwavi wake anachagua sana. Kuna kipepeo mkubwa anaitwa Charaxes candiope, ambaye viwavi wake hula majani ya miti ya jamii ya mukinduri. Ukikata mukinduri upande mti wa mapambo, umemwachia mama mahali pa kunywa na kumnyima mtoto chakula. Na viwavi ndio ndege wengi hulishia makinda yao.

Mugumo nao una siri yake. Kila aina ina nyigu wake mdogo sana anayeingia ndani ya tunda kuchavusha. Huyo nyigu asipokuwepo, hakuna mbegu, na ndege hawapati matunda. Ndiyo maana nilifurahi Novemba 2020, pale ule mugumo mkubwa wa Waiyaki Way ulipoponea barabara ya Expressway baada ya watu kupiga kelele. Lakini wasee, tulipigania mti mmoja wenye jina. Mikinduri ngapi hukatwa kwenye ploti zetu bila hata mtu mmoja kuuliza?

Najua wengi wetu tunapanga, hatuna shamba la kupanda mugumo, na mugumo wenyewe ukikaribia ukuta utaubomoa. Tuanze na kidogo. Ndoo kuukuu iliyotobolewa chini inatosha kukuza aloe ya kienyeji, au leonotisi, ile yenye vipira vya maua ya rangi ya machungwa vilivyotungwa kwenye kijiti kimoja kirefu. Maua yake ni kama mirija myembamba, na yanamfaa sana chozi, kale kandege kenye mdomo uliopinda. Mbegu zake hazinunuliwi, unazikung'uta kwenye vipira vikikauka kando ya barabara. Kazi ngumu itakuwa kumweleza mwenye ploti kwamba hayo si magugu, kabla hajaja na panga.